Mwenye Pikipiki Mpya Aangukie Kiwanjani

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo, ambayo walimu wamewafundishia watoto kwa vizazi vingi, sasa inawahusu walimu wenyewe pamoja na watumishi wenzao wa umma ambao kazi imewatoa kwenye viti vya ofisini na kuwapandisha juu ya pikipiki. Kila anayeanza kuendesha chombo hicho hana budi kujua mapema kwamba uwezekano wa kukiangusha ni mkubwa sana. Yamkini atakiangusha akigeuza mbele ya ofisi, au akisimama penye lango la shule, au hata akikisukuma kukitoa ghalani. Hilo si ajabu wala si fedheha. La ajabu ni ofisi kugawa pikipiki kana kwamba jambo hilo halitatokea kamwe, na litokeapo kumtazama mtumishi kana kwamba ametenda kosa la jinai.

Suala hili si la mtu mmoja mmoja. Mwaka 2018 Serikali ya Tanzania iligawa pikipiki zipatazo 2,900 kwa Maafisa Elimu Kata, ili waweze kuzifikia shule zilizo chini ya usimamizi wao. Mwaka 2022 zikafuata pikipiki zinazokaribia 7,000 kwa Maafisa Ugani wa kilimo. Zikihesabiwa pia pikipiki za idara nyingine, na zile ambazo walimu na wauguzi wamejinunulia kwa mikopo, itaonekana kwamba katika muda mfupi maelfu ya watu wazima wenye elimu na dhamana wamekuwa wanafunzi upya. Uamuzi wa kugawa vyombo hivyo ulikuwa wa busara. Afisa Ugani asiyemfikia mkulima shambani ni afisa wa jina tu, na shule isiyotembelewa huzorota bila mtu kujua. Lakini kukabidhi ufunguo ni jambo moja, na kumwezesha mtu kuutumia ni jambo jingine.

Hebu tazama jinsi mambo yanavyoweza kwenda. Pikipiki hufika wilayani juu ya lori. Hotuba hutolewa, picha hupigwa, majina huitwa, na kila mhusika hutia sahihi katika daftari. Miongoni mwa wanaotia sahihi wamo waliokulia katika nyumba yenye pikipiki, na wamo ambao katika maisha yao yote hawajapata kupanda hata baiskeli. Wote hupewa ufunguo siku ile ile, na wote hutarajiwa kuwa njiani wiki inayofuata. Yule asiyejua hatanyosha mkono kusema hajui, kwa kuwa amesimama mbele ya wakubwa wake na mbele ya wenzake. Atamtafuta kijana wa bodaboda, amlipe kidogo, amfundishe jioni nyuma ya nyumba, mbali na macho ya watu. Na kijana huyo naye huenda alifundishwa na kijana mwingine kwa namna hiyo hiyo.

HUANGUKA IKIWA IMETULIA

Watu wengi hudhani kwamba pikipiki huangushwa na mwendo wa kasi. Kwa ajali zinazoua, kasi ina lawama kubwa. Lakini maanguko ya mwanafunzi aghalabu hutokea chombo kikienda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, au kikiwa kimesimama kabisa. Sababu yake ni ya kimaumbile. Pikipiki iendapo kwa kasi ya kutosha hujisaidia yenyewe kusimama wima: ikiinama upande mmoja, gurudumu la mbele huelekea upande huo huo na kuirudisha. Mwendo unapopungua msaada huo hutoweka, na kazi yote huwaangukia mikono na miguu ya mwendeshaji. Pikipiki ya kawaida ya cc 125 ina uzito unaozidi kilo 100. Ikiwa wima, mtu huweza kuishika kwa mkono mmoja akizungumza na jirani. Ikiisha kuinama kupita kiasi, hata mwenye misuli ya kubeba magunia hawezi kuizuia.

Makosa yanayoifikisha hapo yanajulikana, tena ni machache. La kwanza ni kuachia klachi kwa ghafla, injini ikazima katikati ya kona na mwendeshaji akakosa pa kukanyaga. La pili ni kukamata breki ya mbele kwa nguvu hali usukani umegeuzwa. Chombo hulala upande ule ule ulioelekezwa usukani. La tatu ni kushusha mguu bila kutazama unakotua. Katika njia za vijijini mguu hutua penye shimo, au penye mtaro, au juu ya kokoto zinazoteleza, na upungufu wa nusu futi tu watosha kumlaza mtu chini. La nne ni stendi ya pembeni. Mwendeshaji huegesha pikipiki kwenye udongo laini, akaingia ofisini, na kabla hajaketi akasikia kishindo: stendi imezama. La tano ni mzigo. Katoni la vitabu au gunia la mbegu likifungwa juu mno hubadili kabisa uzani wa chombo, na aliyekwisha kuzoea pikipiki tupu hurudi kuwa mwanafunzi.

Kwa mwenye kimo kifupi tabu huongezeka. Pikipiki nyingi za kazi za vijijini zina kiti kilichoinuka ili chombo kiweze kupita penye mawe na matope. Asiyefikisha nyayo zote mbili chini husimama kwa ncha za vidole, na hapo kutetereka kidogo tu kwatosha. Wanawake wengi wamo katika kundi hili, na juu ya hayo wengi wao hawakupewa nafasi ya kupanda baiskeli walipokuwa wasichana. Kumwona Afisa Ugani mwanamke ameanguka na kusema kwamba pikipiki si chombo cha wanawake ni kuchanganya kimo na uwezo. Kimo kina dawa zake: kuchagua pikipiki ya chini kwa anayeihitaji, na kumfundisha mwendeshaji kusogeza nyonga upande mmoja wa kiti ili mguu mmoja ukanyage imara, badala ya kuning'iniza yote miwili.

MFICHA MARADHI

Anguko la kwanza kwa kawaida haliui. Huacha goti lililochubuka, kioo cha pembeni kilichopasuka, na watoto wa shule wanaocheka. Hatari imo katika yanayofuata. Mtumishi aliyeangusha pikipiki ya ofisi hutazama kushoto na kulia, akaiinua kwa pupa, akaifuta vumbi, akaondoka. Hatamwambia mtu neno. Anahofu kwamba akisema atatakiwa kuandika maelezo, kwamba huenda atakatwa mshahara, na kwamba ufunguo waweza kuchukuliwa akapewa mwingine. Basi hunyamaza.

Lakini chuma hakisahau. Mkono wa breki uliopinda huweza kugusa usukani kabla breki haijakamata sawasawa. Mkono wa klachi ulioingia ufa hukatika siku unapohitajiwa sana. Kikanyagio cha gia kilichosukumwa ndani hukwama. Usukani uliopinda kidogo huivuta pikipiki upande mmoja, na mwendeshaji huzoea kuusahihisha bila kufahamu, mpaka siku ya mvua. Mafuta yanayovuja penye kifuniko kilichopasuka huweza kufikia tairi la nyuma. Kila moja la mambo hayo hugharimu kiasi kidogo likijulikana mapema, na laweza kugharimu maisha likifichwa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika jambo hili anayeumbuliwa huenda asiwe aliyeficha. Pikipiki ya idara hupita mikono mingi. Mtumishi aliyeiangusha mwezi Machi, akahamishwa mwezi Juni, humwachia mrithi wake breki iliyopinda pamoja na ufunguo. Mrithi huyo hana habari. Yeye ameonyeshwa pikipiki iliyooshwa ikang'aa, akaambiwa kwamba chombo ni kizima.

Kwa sababu hiyo utaratibu wa kumtoza kila mtu kwa kila mkwaruzo, ijapokuwa kwa nje unaonekana kulinda mali ya umma, kwa kweli huiharibu. Pikipiki itaanguka hata kama mwendeshaji ana hofu. Ambacho hofu itazuia ni habari za kuanguka huko kumfikia fundi.

SOMO KUTOKA LOS ANGELES

Mwaka 1981 ulitolewa nchini Marekani uchunguzi ambao hadi leo hutajwa sana panapozungumzwa usalama wa pikipiki. Mtaalamu Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walizichunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, wakifika mahali penyewe zilipotokea. Waligundua kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hawakuwa na mafunzo rasmi: walijifundisha wenyewe, ama walifundishwa na ndugu na marafiki. Waligundua pia kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa na uzoefu usiofikia miezi 5 juu ya pikipiki ile waliyopata nayo ajali, ingawa uzoefu wao wa jumla barabarani ulikaribia miaka 3.

Jambo hilo la pili lastahili kuangaliwa kwa makini na maofisa wa utumishi. Los Angeles si Kasulu wala si Namtumbo. Barabara zake na magari yake ni tofauti. Lakini funzo lililojitokeza huko linavuka mipaka: upya wa mwendeshaji haupimwi kwa umri wa leseni yake peke yake. Aliyezoea pikipiki nyepesi akapewa nzito ni mpya tena. Aliyeendesha miaka kumi kwenye lami akahamishiwa kata yenye mchanga na udongo mweusi wa mbugani naye ni mpya, na afadhali aambiwe hivyo kwa heshima kabla tope halijamwambia.

Uchunguzi huo ulionyesha vilevile kwamba waendeshaji walipojikuta hatarini, wengi walikanyaga breki ya nyuma mno mpaka gurudumu likaserereka, na wakaitumia breki ya mbele kidogo mno, ilhali breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kusimamisha chombo. Hapa ndipo elimu ya kubahatisha inapodhuru. Mwanafunzi aliyeanguka mara moja kwa sababu ya breki ya mbele huambiwa na rafiki yake asiiguse tena kamwe. Rafiki huyo ana nia njema. Ushauri wake humwepusha mwenziwe na goti lililochubuka, na papo hapo humtayarishia ajali kubwa siku ng'ombe atakapokatiza njia ghafla. Mwalimu wa kweli angemweleza kwamba kosa halikuwa breki, bali usukani uliokuwa umepinda wakati wa kuikamata, kisha angemrudisha kiwanjani aizoee taratibu usukani ukiwa umenyooka.

KIWANJA KIPO

Tiba ya tatizo hili haihitaji mfadhili wala mtambo. Shule nyingi zina uwanja wa michezo, na siku za mapumziko uwanja huo hukaa mtupu. Kabla mtumishi hajatia sahihi ya kupokea pikipiki, apewe siku chache uwanjani chini ya mwalimu anayetambulika, awe ametoka katika chuo cha VETA au awe askari wa usalama barabarani.

Somo la kwanza liwe kuinua pikipiki iliyolala. Katika shule za udereva za Japan mwanafunzi wa pikipiki hufundishwa jambo hilo mwanzoni kabisa mwa masomo yake. Hekima yake ni mbili. Anayejua kuinua hatakwama peke yake porini jioni. Na anayeanza kwa kuinua anakubali tangu siku ya kwanza kwamba chombo kitaanguka. Kwanza azime injini na atazame kama petroli inavuja. Aweke gia ili gurudumu lisitembee. Ikiwa pikipiki imelalia upande wa kulia, ateremshe stendi ya pembeni kabla ya kuinua, isije ikapitiliza na kuanguka upande wa pili. Kisha ainue kwa nguvu za miguu, mgongo ukiwa umenyooka.

Hali kadhalika afundishwe kuiachia. Pikipiki ikiisha kuinama kupita kiasi asishindane nayo. Aondoe mguu wake, aiache ilale. Mkono wa breki hununuliwa dukani, bali kifundo cha mguu hakinunuliwi. Wengi waliojaribu kuikinga pikipiki ya serikali kwa miili yao wamebaki na kovu la bomba la moshi kwenye shavu la mguu.

Somo la pili liwe mwendo wa pole: kuzunguka mawe yaliyopangwa, kuandika namba nane kwa magurudumu, kusimama na kuondoka mara nyingi mpaka mkono uijue klachi bila kufikiri, macho yakitazama mbele. La tatu liwe breki zote mbili, kwanza kwenye udongo mkavu, kisha kwenye mchanga. La nne liwe mzigo. Abiria awe wa mwisho kabisa. Mwalimu aliyeanza kuendesha wiki iliyopita hapaswi kumpakia mwanafunzi wake, hata kama mvua inakaribia na nyumbani ni mbali. Anayeanguka peke yake amejifunza. Anayeanguka na mtoto wa mwenziwe amemdhulumu.

Kofia ngumu ivaliwe hata kiwanjani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hiyo humpunguzia mwendeshaji aliyepata ajali hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani, au inayovaliwa bila kufungwa kidevuni, haihesabiwi.

Leseni nayo isifanyiwe mzaha. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka kila aendeshaye chombo cha moto awe na leseni ya daraja linalohusu chombo hicho. Ofisa mwenye leseni ya gari dogo peke yake hana leseni ya pikipiki, awe na cheo chochote. Mkuu wa idara anayempa ufunguo mtu asiye na daraja hilo hamsaidii. Amemwingiza katika kosa, naye mwenyewe hawezi kunawa mikono.

UZEMBE NA KUJIFUNZA

Wapo watakaosema kwamba kuwasamehe wanaoangusha pikipiki za umma ni kulea uzembe. Hoja hiyo isipuuzwe, maana mali ya umma ni jasho la wananchi. Lakini ipo tofauti kubwa kati ya mtu aliyeteleza penye tope akiwa kazini na mtu aliyeichukua pikipiki ya idara usiku akaenda nayo kilabuni. Huyo wa pili aadhibiwe kwa mujibu wa kanuni za utumishi. Yule wa kwanza aandike katika daftari la chombo tarehe, mahali, namna kilivyoanguka na kilichoharibika. Fundi akague kabla chombo hakijatoka tena. Na mambo yaishe hapo. Miezi 6 tangu kukabidhiwa ihesabiwe kuwa ya kujifunza. Atakayebainika kuwa aliangusha akaficha, huyo ndiye aulizwe.

Daftari kama hilo lingekuwa na faida nyingine. Likionyesha kwamba watumishi watatu wameanguka mahali pamoja mbele ya ofisi, itajulikana kwamba hapo pana mtaro wa kufukiwa, wala hapana wazembe watatu. Likionyesha kwamba pikipiki za namna moja huwalaza wafupi peke yao, ofisi ya ununuzi itapata la kuzingatia itakapoagiza nyingine.

Wengine watasema kwamba kazi hazingojei, na siku za kiwanjani ni siku zilizopotea. Wafanye hesabu upya. Mfupa wa mguu uliovunjika huchukua wiki nyingi kuunga, na muda wote huo shule hazitembelewi, wakulima hawapati ushauri, na pikipiki yenyewe hukaa ghalani ikipata kutu. Siku tatu au nne za mazoezi ni bei ndogo.

Liko jambo jingine ambalo halihitaji waraka wa mtu yeyote, nalo limo mikononi mwa walimu. Wao wanajua kuliko wengine kwamba mtoto anayechekwa akikosea kusoma kwa sauti hatajitahidi zaidi. Ataacha kunyosha mkono. Mtu mzima hana tofauti. Anayechekwa uwanjani atakwenda kujifunzia gizani, na makosa atakayojifunza gizani atayaleta barabarani mchana. Mwenye kumwona mwenziwe ameangushwa na pikipiki amsaidie kuinua, amuulize kama ameumia, kisha watazame pamoja mkono wa breki kabla hajaondoka.

Shehena nyingine za pikipiki zitafika wilayani, kwa kuwa kata ni kubwa na kazi ni nyingi. Zitakapofika, wakurugenzi wa halmashauri na wakuu wa idara wapange kwanza siku za kiwanjani, na siku ya hotuba na picha ije baadaye.